Msiifute ile ya kwanza

Mwanangu,

Jana uliniambia wewe na bendi yako mnataka kuifuta rekodi yenu ya kwanza kabla hii mpya, ya tatu, haijatoka. Sikukujibu papo hapo, maana sikuwa nimeisikiliza tangu siku ile uliponivika spika za masikioni ukakaa mbele yangu kunichungulia uso. Usiku nimezisikiliza zote tatu, moja baada ya nyingine.

Ya kwanza ni mbaya. Mimi mama yako nasema, na wewe unajua. Matoazi yamefunika kila kitu, utadhani kabati la sufuria limeanguka na halimalizi kuanguka. Mpiga ngoma wenu akichoka ndiyo kwanza anazidi kukimbia, magitaa yanabaki nyuma. Besi sikuisikia kabisa. Nawe ulirudi nyumbani siku hiyo sauti imekauka, ukaniandikia kwenye karatasi kwamba unataka maji. Nilikasirika, wala sikukuficha. Siku hizi naona yowe unalitoa tumboni, koo umeliacha lipumzike.

Ya pili mligundua mwangwi, mkauogelea. Hapo sina mengi ya kusema.

Lakini hii mpya! Wimbo wa tatu, baada ya dakika ya nne: ngoma zinanyamaza, linabaki gitaa moja, na besi inatembea chini yake polepole. Kidole kinasikika kikiteleza kwenye uzi. Halafu unavuta pumzi, nayo inasikika, ndipo yowe linatoka na wote mnaingia kwa mpigo mmoja. Nimerudia pale mara tano. Kasi ya ngoma ni ileile ya zamani, ila safari hii inanitikisa, kwa kuwa mmenipa kwanza kimya cha kunitayarisha. Zamani kila mmoja wenu alipiga ili asikike yeye.

Nimejisomea kidogo pia, usicheke. Nimejua kwamba shugezi, ule muziki wa magitaa yenye mwangwi mzito, ilipata jina lake Uingereza kwa sababu wapigaji walikuwa wakiinama kutazama pedali miguuni, watu wakaona wanatazama viatu. Na nimejua kwamba Alcest, Wafaransa unaowapenda, mwaka 2001 walitoa rekodi ya blaki metali, yaani metali ya mayowe na ngoma za kasi, ya kukwaruza tu, haina ule mwanga unaousikia kwao sasa. Mwaka 2005 ikaja Le Secret, nyimbo mbili basi, na wengi wanahesabu blakigezi, huo mchanganyiko wa blaki metali na shugezi, kuanzia hapo. Sasa sikiliza: mwaka 2011 Neige, mwanzilishi wa Alcest, alizirekodi upya nyimbo hizo mbili, na alipozitoa, zile za zamani aliziweka hapohapo kando ya mpya. Anayetaka kulinganisha na alinganishe.

Deafheaven, bendi nyingine ya blakigezi, nao walianza San Francisco mwaka 2010, na kufikia albamu yao Infinite Granite, mwaka 2021, yule mwimbaji wa mayowe alikuwa anaimba sauti safi karibu albamu nzima. Wapo waliokasirika. Mimi binafsi nafikiri mtu aliyepiga mayowe miaka yote ile ana haki ya kuimba taratibu akitaka, lakini wewe usiharakishe huko, yowe lako ndiyo kwanza limeiva.

Basi msiifute. Kama mnaona haya, iteremsheni chini kabisa ya orodha, asiyejua asiikute, anayewafuata aitafute mwenyewe. Nakala yangu ninayo, na siitoi.

Jingine ni dogo. Wimbo wa tano, mwishoni, pale magitaa mawili yanapopigwa juu-chini, juu-chini kwa kasi, lile la kushoto limeshuka kidogo, halijakazwa sawa. Nilidhani ni masikio yangu, nikavua spika nikavaa upya, bado. Rekebisheni kabla hamjaitoa. Na yule wa ngoma mwambie nimemsikia, hakimbii tena.

Mama yako