Zai, mstari umefika kwetu

Kiruna, Uswidi, 14 Septemba 2025

Zai wangu,

Asalaam alaykum. Hujambo wewe, mzee, watoto, na Mama Mkubwa? Mguu wake umeendeleaje? Sisi huku hatujambo. Neema amerudi chuoni, baba yake mgongo unamsumbua ila ukimuuliza anasema ni uchovu tu. Majani yameshakuwa ya njano na asubuhi gari linaamka na barafu kwenye kioo.

Najua utashangaa kupata barua. Miaka yote hii tunapigiana Idi na Krismasi, tunaulizana hali, tunacheka kidogo, salio linakwisha. Lakini nina jambo ambalo kwenye simu lingenikaba. Usiku huu sina zamu, nimepika chai, nimekaa jikoni. Nisikilize.

Mstari umefika kwetu.

Unakumbuka nilivyokueleza kwamba mji huu unahamishwa kwa sababu ya mgodi? Mwishoni mwa Agosti mgodi ulitoa ramani mpya yenye mstari wa watakaohama. Watu wengine 6,000, nyumba 2,700, katika miaka kama kumi ijayo. Baba Neema aliifungua kwenye simu pale mezani, akaikuza kwa vidole, akatafuta mtaa wetu, akanipa nione. Hakusema neno. Nyumba yetu imo ndani, ni kijiumbo kidogo kama punje ya mchele, na rangi imeipita juu.

Hapo hapo nikakukumbuka wewe na ile X nyekundu.

Nitarudi hapo, maana ndicho kilichonikalisha kuandika. Ila kwanza nataka uuone mji huu kama nilivyoukuta, kwa sababu kila nilipokusimulia nilikuambia habari za baridi tu.

Nilifika Januari 1997. Jua ndiyo kwanza lilikuwa limerudi, maana Desemba huwa halichomozi kabisa kwa wiki tatu hivi. Lilikuja, likakaa juu ya mlima kama mgeni asiyevua viatu, likaondoka. Ng'ambo ya ziwa nikaona mlima uliokatwa ngazi ngazi, hauna kichwa. Nikamuuliza Baba Neema, huu nao mlima gani? Akaniambia, huo ndio uliotuleta hapa sote. Babu yake alikuja kuchimba. Mji wenyewe ulianza 1900, kabla ya hapo ilikuwa nchi ya Wasami, wenyeji wa kaskazini huku, na mifugo yao, na hata jina Kiruna limetoka kwenye neno lao la ndege mmoja mweupe wa theluji, mfano wa kwale. Kisha reli ikavuka milima mpaka bandari ya Narvik kule Norway ambako bahari haigandi, na chuma kikaanza kuondoka. Mpaka leo kinaondoka. Treni ina mabehewa 68, ukisimama pale ipite unaweza kumaliza tasbihi nzima.

Mji ule wa mwanzo, Zai, ulijengwa na watu waliofikiria. Waliuweka ubavuni mwa kilima, mitaa wakaipinda ili upepo usipate njia ya moja kwa moja. Baridi kali huku ni nzito, hushuka bondeni kama maji na kutuama. Wale wazee walilijua hilo. Nakuambia kwa sababu mji mpya wameuweka chini, kilomita tatu mashariki, na mitaa mingine imenyooka. Majira ya baridi ukishuka kwenye basi pale, machozi yanatoka kabla hujaanza kulia.

Katikati ya mji wa zamani palikuwa na jumba la halmashauri, la 1963, na juu yake mnara wa chuma wenye saa. Ndani ukumbi mkubwa, unaingia bila kuulizwa, unakaa. Mimi nilikuwa nakaa. Mwaka wa kwanza sina kazi, lugha siijui, nabeba mkate wangu na thamosi ya chai, nakaa pale kwenye joto nasikia watu wanavyozungumza. Kiswidi changu cha kwanza nilikiokota kwenye ule ukumbi. Bibi mmoja alinifundisha kuhesabu kwa kunionyesha vifungo vya koti lake. Jumba lile walilibomoa 2019. Mnara wa saa walikuwa wameshaunyofoa, sasa umesimama chini karibu na jumba jipya, na kengele ni ileile. Nikiisikia nageuka kutazama upande usio wake.

Sababu ni hii. Chuma cha huku kimelala mshazari, kama ubao ulioegemezwa ukutani, na kadiri unavyokifuata chini ndivyo kinavyoingia upande wa mji. Sasa wanachimba mita 1,365 kwenda chini. Wanaacha mwamba wa juu uporomoke kujaza pale walipotoa chuma, na ule mporomoko unapanda taratibu, ardhi inapasuka. Walitutangazia 2004. Neema alikuwa mdogo, akaniuliza kama nyumba zitatembea kwa miguu. Usiku wanalipua, kama saa saba na nusu hivi, na vikombe vyangu kabatini vinagongana kidogo. Miaka mingi nilikuwa siamki. Tangu ramani itoke, naamka kabla ya vikombe.

Tarehe 18 Mei 2020, alfajiri, tetemeko lilitutoa kitandani. Wakasema uchimbaji haujawahi kusababisha kubwa kama lile nchi nzima. Baba Neema alikaa ukingoni mwa kitanda ameshika goti langu, na mimi nikadhani nipo Kimara, gari la mchanga linapita.

Mwezi uliopita wakahamisha kanisa. Lazima picha ulizipata, ulimwengu mzima ulitazama. Kanisa lote la mbao, jekundu, la 1912, tani 672, wakalipandisha juu ya magari ya matairi mengi nisiyoweza kuyahesabu na kulipeleka kilomita tano kwa siku mbili. Madhabahu yenye mchoro wake na kinanda vilibaki humo humo ndani. Njia waliipanua kutoka mita 9 mpaka 24. Mfalme naye alikuja. Nilisimama tangu asubuhi na mzee ninayemhudumia, nimemsukuma kwenye kiti cha magurudumu, blanketi magotini. Kanisa lilikuja polepole kuliko jeneza. Unalitazama, halisogei. Unageuka kumpa mzee kahawa, ukirudisha macho, dirisha lililokuwa usawa wa nguzo ya taa limeipita nguzo. Watu waliimba. Mzee alivua kofia akaiweka kifuani mpaka lilipopita, mikono inatetemeka, na nilipotaka kumvika kwa sababu ya upepo akakataa kwa kichwa.

Huyo mzee ndiye aliyenifundisha habari za mji kuliko mtu yeyote. Aligoma na wenzake Desemba 1969, wachimbaji karibu 5,000, siku 57, katika baridi ambayo mate yanaganda hewani. Anasema zamani ukitoka shule asubuhi, mchana una kazi mgodini. Miaka ya 1970 wilaya ilikuwa na watu zaidi ya 30,000. Leo ni 22,000 na kitu. Vijana wanakwenda kusini na wengi hawarudi. Nilimuuliza hana hasira na mgodi unaokula nyumba yake? Alinyamaza muda mrefu, nikadhani amesinzia. Akasema mgodi umemlisha tangu ana miaka kumi na sita, lakini mkewe alifia kwenye chumba kile, sasa kile chumba nacho watakipeleka wapi.

Nilikosa la kumjibu. Nikamkata kucha.

Sasa nirudi kwako.

Ile 2017 ulinitumia picha ya ukuta wako wa mbele na X nyekundu na neno BOMOA. Ulinipigia usiku. Ulisema barabara inapanuliwa, mmepewa siku chache, fidia hakuna, mmeambiwa mmejenga kwenye hifadhi ya barabara, na hati ya mzee haikusomwa hata na mtu mmoja. Ulikuwa unalia, Zai. Mimi nilikuwa kwenye maegesho ya magari, nakimbilia zamu, nikakuambia, "Shukuru Mungu mu wazima, nyumba ni matofali tu." Nikakata. Ulipohamia Goba nikakutumia pesa kidogo, nikaona nimemaliza wajibu wangu.

Nyumba ni matofali tu. Mimi niliyasema maneno hayo kwa mtu aliyenipokea pale pale Kimara nilipofukuzwa kwa baba mdogo, aliyenilaza chumba cha uani miezi saba, chini ya mwembe ule ambao mama yako aliupanda kwa kokwa. Na mwembe ulikwenda siku moja na ukuta. Sikuwahi hata kukuuliza habari zake.

Nisamehe. Nimelibeba tangu wiki ile ramani ilipotoka, nalala nalo.

Na hali yangu si kama yako, hilo nalijua. Huku mwenye nyumba analipwa bei ya soko na asilimia 25 juu yake, au anajengewa nyingine. Hakuna atakayekuja na tingatinga kesho, tunaweza kuwa na miaka. Ukiwaza ninyi mlivyofanyiwa, naona haya hata kulalamika. Lakini jana nilitoka nyuma ya nyumba kuchimba viazi vya mwisho. Tulipohamia hapa palikuwa mawe, Zai, mawe na ukoka. Miaka ishirini na ushee nimeweka majani yaliyooza, samadi, maganda ya mayai, majivu, mchanga nimebeba kwa ndoo. Sasa ukichota kiganjani ni mweusi, laini, una minyoo minene. Na kiangazi jua haliondoki usiku wala mchana, mchicha unapanda mpaka kiunoni, wale wa kwaya wanakuja na mifuko. Nikajiuliza, mthamini akija na karatasi yake, udongo ataandika sehemu gani? Kwenu angalau mahali pengine huhesabu mwembe na mnazi, shina kwa shina. Nilipiga magoti pale nikalia kama mtoto, na nilikuwa nakulilia wewe pia, miaka minane nimechelewa.

Kuna mwenzangu kazini, kwao ni wafugaji wa kulungu wa theluji. Nilimlilia naye. Alinisikiliza vizuri, akanishika bega, kisha akanichorea kwenye kitambaa cha karatasi: hapa mgodi, hapa mji, hapa reli, hapa barabara, na katikati kinjia chembamba cha kupitisha wanyama kwenda malisho ya baridi. Sasa yametangazwa madini mengine karibu yake, yale adimu ya kutengenezea mota za magari ya umeme, zaidi ya tani milioni moja walisema 2023, na kinjia chenyewe kiko hatarini. Kwao hakuna wa kuwajengea kinjia kingine upande wa pili. Tangu siku hiyo nimeacha kusema "mji wetu" kwa sauti kubwa mbele yake. Bado ni mji wetu lakini. Nimemzaa Neema hapa.

Baba Neema anataka tuhamie kule chini, tupewe nyumba mpya, basi. Yeye mtu wa mgodi, kwake hivi ndivyo mji ulivyo, unafuata chuma. Ameshaanza kupanga misumari kwenye makopo. Mimi siku nyingine nakubali. Kule kumechangamka, kumefunguliwa tangu 2022, maduka yapo, maktaba ipo, vijana wanakaa nje hata kwenye baridi, na kanisa liko kule sasa, linafunguliwa mwishoni mwa mwaka kesho Mungu akipenda. Halafu napita mtaa wa zamani wa maduka, madirisha yamezibwa mbao, uzio, nyasi zimeoteshwa pale palipokuwa duka la nyuzi. Wamepaita bustani. Nyasi nzuri kweli. Nasimama kutafuta mlango ulikuwa wapi, na sipati.

Siku nyingine nawaza kurudi nyumbani. Kile kiwanja cha Kibamba kipo bado, au jirani ameshasogeza ua? Naomba upite, ukipata nafasi, usimtume Juma, nenda mwenyewe uniambie ukweli. Nauli nitatuma. Uangalie vigingi vinne kama vipo.

Na unijibu haya, tafadhali, kwa barua au kwa sauti, vyovyote. Ulipotoka Kimara ulibeba nini? Nini uliacha ukajuta? Mama aliondokaje, alitembea mwenyewe au mlimbeba? Ulirudi kupaangalia baada ya kubomolewa, au uliapa hutarudi? Ukipita sasa kwenye njia nane zile unaweza kupaonyesha, kwamba hapa palikuwa jiko, hapa mwembe? Kuna kokwa lolote mtu aliokota? Na usiku, Zai, ilichukua muda gani kabla hujaacha kuamka ukidhani uko kule? Ulikuwa na nani wa kuzungumza naye, wakati mimi nilikata simu?

Nieleze yote, kuanzia ile siku waliyokuja na rangi. Safari hii sina zamu.

Nisalimie wote, Mama Mkubwa mwambie nampa pole ya mguu.

Wako,
Rehema