Watalii tunawahesabu, nani anawauliza kama watarudi?

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kadogo. Kila mwaka tunaambiwa watalii wameongezeka na sisi tunapiga makofi, ila hao walioongezeka wangapi walishawahi kuja huku Kigoma? Kuhesabu vichwa getini kunakwambia watu wameingia, hakukwambii wametoka na roho gani.

Najua kuna ule utafiti wa kuwahoji wageni wanaoondoka nchini, Ofisi ya Taifa ya Takwimu na Benki Kuu na wenzao wameanza nao 2001, wanauliza mtu kalala siku ngapi, katumia hela kiasi gani. Kazi nzuri sana hiyo sibishi. Lakini yule mzungu aliyepanda boti kwenda Gombe, hifadhi yetu ya sokwe, mara nyingi anahojiwa yuko uwanja wa ndege anaondoka, keshapita Serengeti keshapita Zanzibar, anajibu kwa Tanzania nzima, sasa sisi wa Kigoma tutajuaje kilichomkera ni boti, gesti au bei?

Halafu tusidanganyane, sio kila kivutio kinapimwa kwa marudio. Mtu katoka Ujerumani kuona sokwe wa Gombe ambao mtafiti Jane Goodall alianza kuwafuatilia 1960, hela kaichanga miaka, asiporudi sio kwamba kachukia. Huyo muulize kama atamwambia ndugu yake aje. Wa kurudi ni sisi wenyewe na majirani, mwalimu wa Kasulu, mfanyabiashara wa Bujumbura anayeingilia mpaka wa Manyovu, mtu wa Tabora anayekuja na treni. Sasa huyo ukimpeleka Ujiji pale Stanley alipomkuta Livingstone 1871, kaona mnara, kasimuliwa, kapiga picha, baada ya hapo anaenda wapi? Mi naona pa kupima ndo hapo, kakaa masaa mangapi, mgebuka kala wapi, kalala au kageuza siku hiyohiyo.

Na jamani mkilinganisha linganisheni Agosti na Agosti, kiangazi sokwe wa Mahale, ile hifadhi yetu nyingine, wanashuka chini wanaonekana kirahisi, masika ni habari nyingine kabisa.

Wala haihitaji mradi wa mamilioni. Gesti zina kitabu cha wageni, unaandika jina, unatoka wapi, unaenda wapi. Waongeze safu mbili tu, umeshawahi kufika Kigoma, na kama ndio nini kimekurudisha. Halmashauri ikusanye kila mwezi ibandike majibu ubaoni, hata yakiwa ya kutuponda.

Msomaji wako,
Mwanga, Kigoma