Barua ya Wazi kwa Waziri wa Kaunti Anayesimamia Mipango ya Miji, Kisumu: Nyumba za Pampu Nazo Zijaribiwe

Mheshimiwa Waziri,

Salamu nyingi kutoka Mamboleo. Mimi ni fundi wa pampu na stima. Nakuandikia kuhusu kampasi za vyuo na hospitali zinazojengwa pande zetu zikiahidi kuwa majengo ya kijani, yaani yanayookoa nishati na maji, na hasa kuhusu vijumba vyake vya nyuma: nyumba ya pampu, chumba cha jenereta, chumba cha swichi na jiko kuu. Maji na stima ya kampasi nzima hupitia huko, lakini siku ya kukabidhi mradi wageni hutembezwa maktaba na ukumbi.

LEED, mfumo wa vyeti wa Marekani, una sharti ambalo halikupi alama hata moja, na usipolitimiza hupati cheti. Sharti lenyewe ni komishoni (commissioning), yaani uhakiki wa mitambo, si ile komishoni ya dalali. Mtaalamu husoma mahitaji ya mwenye jengo, huyalinganisha na michoro, kisha huijaribu mitambo ikiwa kazini na kuandika kila kasoro hadi irekebishwe. Ni sharti zuri sana. Shida ni kwamba jengo jipya lisilofika mita za mraba 93 haliwezi kusajiliwa peke yake, na nyumba nyingi za pampu ni ndogo kuliko hapo. Mwenye mradi akisajili maktaba na ofisi tu, na mshauri wake asipokuwa makini, mitambo inayohudumia majengo hayo yote hubaki bila mtu wa kuiulizia. EDGE, mfumo mwingine wa vyeti vya majengo ya kijani ambao wengi hapa Kenya huupenda kwa sababu ni nafuu, hutaka makadirio ya akiba ya angalau asilimia 20 kwa nishati, maji na vifaa vya ujenzi, na mkaguzi huthibitisha kwamba vilivyoahidiwa vimewekwa. Lakini pampu inaweza kuwa imewekwa, inazunguka, na bado inakula stima bure.

Niruhusu nieleze hapo, maana ndiyo kazi yangu. Pampu nyingi za siku hizi huja na kifaa cha kubadilisha mwendo kulingana na presha ya maji. Katika mfumo ambao maji huzungushwa tu, ukipunguza mwendo kwa asilimia 20, nguvu inayotumika hushuka hadi karibu nusu, kwa kuwa nguvu hufuata mwendo uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu: 0.8 kwa 0.8 kwa 0.8 ni 0.51. Pale maji yanapopandishwa mlimani akiba huwa ndogo kuliko hiyo, lakini ipo. Sasa, sensa ya presha ikifungwa mahali pabaya, au fundi akiacha swichi kwenye manual, pampu isijipunguze mwendo yenyewe, ili maji yasikatike siku ya ufunguzi, pampu itakimbia kwa mwendo wote usiku na mchana. Hakuna atakayegundua, kwa sababu maji yanatoka. Nimeshakuta swichi za namna hiyo zimekaa hivyo hadi vumbi limezifunika. Bili hulipwa, na cheti kinaning'inia pale mapokezi.

Chumba cha jenereta nacho kina hatari yake. Paneli za sola zikiunganishwa na jenereta bila udhibiti mzuri, jua likiwa kali na matumizi yakiwa madogo, stima inaweza kurudi kwenye jenereta na kuizima au kuiharibu. Jambo hili halionekani kwenye mchoro. Linaonekana ukikata laini kuu saa sita mchana, watu wote wakiwa pale wanatazama.

Ninachoomba, Mheshimiwa, hakihitaji sheria mpya ya LEED wala EDGE. Kaunti ndiyo inayopitisha ramani, na ndiyo inayotoa cheti cha kuruhusu jengo kukaliwa. Taasisi ikileta ramani ya kampasi, itajwe humo mitambo yote ya pamoja na kijumba ilimo, hata kijumba hicho kiwe kidogo namna gani. Kabla ya cheti kutolewa, iletwe ripoti ya majaribio iliyotiwa sahihi na mhandisi aliyesajiliwa ambaye halipwi na kontrakta. Hili la nani anamlipa ndilo ningelishikilia kuliko yote. Na mhandisi huyo arudi miezi 10 baada ya jengo kukamilika, kama LEED inavyotaka kwa wanaochagua komishoni ya kina, kwa sababu kasoro nyingi hujitokeza wanafunzi wakishajaa na kiangazi kikishapita.

Najua watakaolalamika kwamba ni gharama. Ni kweli, mhandisi atalipwa. Lakini pampu iliyowekwa vibaya hulipiwa kila mwezi, na anayeilipia ni mzazi wa mwanafunzi na mgonjwa wa hospitali.

Kama haiwezekani kuanza na kampasi zote, tafadhali anza na zile zinazojengwa kupanda kilima cha Riat. Huko kila lita ya maji lazima ipandishwe kwa stima.

Wako mwaminifu,
Fundi wa pampu na stima, Mamboleo