Risala ya Klabu ya Haki za Binadamu kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kimataifa ya Waroma

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha leo, tarehe 8 Aprili. Tunakushukuru nawe kwa kuacha shughuli zako na kuitikia wito wetu.

Mgeni Rasmi, wiki nzima tumeulizwa: Waroma ni akina nani? Si watu wa jiji la Roma. Ni jamii ambayo mababu zao walitoka kaskazini mwa India karne nyingi zilizopita. Leo ni kati ya milioni 10 na 12 barani Ulaya, na hakuna jamii ya wachache iliyo kubwa zaidi huko. Katika nchi ambayo sasa ni Romania walifanywa watumwa hadi katikati ya karne ya 19. Usiku wa tarehe 2 Agosti 1944, Wanazi wa Ujerumani waliwaua Waroma wapatao 4,300 katika kambi ya mauaji ya Auschwitz-Birkenau, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Bunge la Ulaya liliitambua rasmi tarehe 2 Agosti kuwa siku ya kuwakumbuka mwaka 2015. Miaka 71 kusubiri kutambuliwa tu!

Lakini kilichotugusa zaidi sisi wanafunzi ni kesi ya Ostrava, Jamhuri ya Czech. Watoto 18 wa Kiroma walipewa mtihani wa kupima akili, kisha wakapelekwa shule maalumu za wenye ulemavu wa akili. Takwimu zilizofikishwa mahakamani zilionyesha kwamba mjini humo mtoto wa Kiroma alikuwa na uwezekano mara 27 zaidi ya mwenzake asiye Mroma wa kupelekwa huko. Mtihani haukujali lugha wala maisha ya nyumbani kwao. Sisi tulioingia kidato cha kwanza tukakuta masomo yote ni kwa Kiingereza tunajua uchungu wa kushindwa kujibu jambo unalolijua.

Mwaka 2006 walishindwa katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, huko Strasbourg. Hawakukata tamaa. Walikata rufaa kwenye Baraza Kuu la mahakama hiyohiyo, na tarehe 13 Novemba 2007, majaji 13 dhidi ya 4 waliamua kuwa watoto hao walibaguliwa, na kwamba sahihi ya mzazi ya kukubali mtoto apelekwe huko haiwezi kuhalalisha ubaguzi. Hata hivyo, watoto wengi wa Kiroma waliendelea kufundishwa mtaala uliopunguzwa, hata Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya, ikafungua shauri dhidi ya nchi hiyo mwaka 2014. Utekelezaji, Mgeni Rasmi, ndio unaotuumiza kichwa.

Na si Ulaya peke yake. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, iliwapa ushindi Waogiek, jamii ya asili ya msitu wa Mau, Kenya, katika kesi ya kufukuzwa kwenye ardhi yao, tarehe 26 Mei 2017. Nao wamesubiri miaka mingi hukumu hiyo itekelezwe.

Kwa hiyo tuna maombi mawili. Kwanza, usafiri wa wanafunzi 40 kwenda Arusha kuiona mahakama hiyo ikifanya kazi. Pili, nakala za Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu kwa Kiswahili kwa ajili ya maktaba yetu, kwani tuliyo nayo ni moja na kurasa zimechanika.

Tunaomba kuwasilisha.

Risala hii imeandaliwa na wanaklabu na kusomwa mbele yako na Katibu wa Klabu.