Barua ya Wazi kwa Waziri wa Michezo: Leseni ya Kocha Impe Nguvu ya Kusimamisha Pambano

Mheshimiwa Waziri,

Salaam na heshima nyingi. Ninakuandikia kuhusu kanuni mpya za leseni za makocha wa michezo ya mapigano ambazo ofisi yako inaziandaa. Mimi ni kocha wa ngumi za ridhaa. Ukumbi tunautumia kwa zamu na wenzangu wa judo, mieleka na taekwondo, na mengi nitakayoyasema hapa tunayasema kila jioni tukiwa tunakusanya vifaa, ila hakuna anayeyaandika.

Rasimu inataka mambo matatu: kocha awe amewahi kushindana ngazi ya taifa, ahudhurie kozi, na alipie leseni kila mwaka. Kwa ada sina neno. Kozi nayo ni jambo jema. Tatizo langu ni kwamba rasimu nzima imeandikwa kana kwamba kocha ni mtengeneza washindi basi. Haigusi popote kazi iliyo ngumu kuliko zote kwenye mchezo huu, ya kumwambia mchezaji wako mwenyewe, mbele za watu, kwamba inatosha, tunashuka.

Tazama kocha anapata wapi riziki. Kwenye ngumi za kulipwa, desturi iliyozoeleka ni kocha kuchukua asilimia 10 ya malipo ya bondia. Bondia asipopanda ulingoni, hakuna asilimia. Akipoteza kwa kutolewa na kona yake mwenyewe, yaani kocha na wasaidizi wake wa pembeni ya ulingo, pambano lijalo litakuwa la fedha kidogo, na kocha naye atapata kidogo. Huyo huyo ndiye tunayemtegemea aseme kijana wake ana homa, au mkono umevimba, au zile ngumi za raundi ya nne zimemharibu. Kwetu ridhaa hata hiyo asilimia haipo. Wengi wetu tuna kazi nyingine mchana, na jioni tunafundisha kwa mapenzi. Tunachovuna ni jina la klabu, na jina la klabu linajengwa kwa medali. Kocha anayetupa taulo mapema, ishara ya kumtoa mchezaji wake, anaitwa mwoga, wazazi wanamtazama vibaya, na kijana aliyemtoa anahamia klabu ya pili ambako hawamtoi.

Mfano mkubwa unaufahamu. Manila, tarehe 1 Oktoba 1975, pambano la tatu la Muhammad Ali na Joe Frazier. Limepangwa raundi 15. Baada ya raundi ya 14 jicho la kulia la Frazier lilikuwa limeziba kwa uvimbe, na la kushoto lilikuwa bovu tangu zamani. Ngumi zilikuwa zinakuja, yeye hazioni. Kocha wake, Eddie Futch, akalisimamisha. Frazier alipinga, akataka kuendelea, na hadi leo wapo mashabiki wanaobishana kwamba Ali naye alikuwa hoi na pengine asingetoka kwa raundi ya mwisho. Huenda wana haki. Futch hakuwa na namna ya kujua kilichokuwa kwenye kona ya pili. Alichokijua ni kilichokuwa mbele yake. Frazier aliishi miaka mingine 36.

Miaka saba baadaye, Novemba 1982, Duk Koo Kim wa Korea Kusini alipigana na Ray Mancini kule Las Vegas, pambano likasimamishwa na refa raundi ya 14. Kim alikufa siku chache baadaye kwa jeraha la ubongo. Ndipo WBC, Baraza la Ngumi la Dunia, likapunguza mapambano ya ubingwa kutoka raundi 15 hadi 12, na mashirikisho mengine yakafuata. Kanuni nyingi za usalama kwenye mchezo wetu zimeandikwa hivyo, baada ya mazishi. Wewe una nafasi adimu ya kuandika moja kabla.

Nikueleze basi uamuzi wenyewe unafanyikaje, maana sidhani kama walioandika rasimu wamewahi kukaa kona. Kati ya raundi na raundi kuna dakika moja. Kwenye televisheni unaona mtu anamwagiwa maji na mwingine anapiga kelele. Sekunde kumi za kwanza zinakwisha kabla bondia hajatulia kwenye stuli. Unamtoa kinga ya meno, msaidizi anaisuuza, barafu inawekwa shingoni, na wewe unanyamaza, kwa sababu mtu anayehema hasikii kitu. Umepiga goti mbele yake, uso kwa uso. Unaangalia kama macho yote mawili yanakufuata. Kisha unamwuliza jambo lenye jibu: mkono gani unakusumbua? Akisema "niko sawa", hajakujibu. Kila bondia husema yuko sawa, hata yule aliyesahau hii ni raundi ya ngapi. Akisema "kulia, ananipata nikishusha kushoto", una mtu kamili mbele yako, na zimebaki sekunde kama ishirini za kumpa agizo moja. Makocha wachanga hutoa matano. Bondia anarudi katikati ya ulingo bila hata moja.

Kumsoma mtu namna hiyo kunataka umjue akiwa mzima. Lazima umemwona akiwa amechoka, amekasirika, anadanganya, ndipo siku akiwa ameumia uione tofauti. Ndiyo maana sharti la kuwa umeshindana ngazi ya taifa halinishawishi. Futch alipigana ridhaa tu; kasoro ya moyo ilimzuia kuingia ngumi za kulipwa. Cus D'Amato, kocha aliyewalea mabingwa Floyd Patterson na baadaye Mike Tyson, hakuwahi kupigana hata pambano moja la kulipwa. Kwa rasimu yako, hawa wawili wangekuwa na kazi ya kuthibitisha kwamba wanastahili kushika pedi za kupigia ngumi mazoezini. Na upande wa pili ninawajua mabingwa hodari wasioweza kufundisha kwa sababu wao walizaliwa na kasi. Hawajui walifanyaje, kwa hiyo hawawezi kumweleza mwingine. Zaidi ya hapo, bingwa aliyezoea kuvumilia maumivu yake huwa mwepesi wa kuvumilia maumivu ya mwenzake. Samahani kwa mabingwa waungwana, mpo, lakini hilo nimeliona.

Kozi nayo ina maswali yake. Niliyohudhuria mimi ilikuwa ya siku mbili, ukumbini, na karatasi za kusoma. Hakuna aliyevaa glovu. Hakuna aliyefunga bandeji kwenye mkono wa mtu, kazi ambayo ukiikaza mno vidole vinakufa ganzi na ukiilegeza kidole gumba ndicho kinacholipa. Jirani yangu alisinzia mchana wote wa siku ya pili, na tukapewa cheti kile kile. Ningependekeza mafunzo ya vitendo: mwombaji awe msaidizi kwenye kona ya kocha mwenye leseni kwa msimu mzima, kwenye mashindano ya kweli, na mwisho wake kocha yule amtie sahihi au akatae. Abebe ndoo. Ajifunze kupanga vijana wa sparingi, yaani kupigana kwa mazoezi, nani na nani, glovu za uzito gani, raundi ngapi, lini uwaachanishe. Ukimpa mgeni huyo kazi ya kupanga sparingi kwa mwezi mmoja utamjua kama ana moyo wa kocha au anapenda tu kuona watu wanapigana.

Sparingi ndipo ninapotaka ukae kidogo, Mheshimiwa. Sheria zetu zote zinatazama siku ya pambano, ambapo kuna refa, kuna daktari, kuna watu. Lakini bondia anapanda ulingoni kwa mashindano mara chache kwa mwaka, na kichwa chake kinapigwa kila wiki mazoezini, ambako refa ni kocha, daktari ni kocha, na shahidi ni kocha. Kanuni za kimataifa za ngumi za ridhaa kwa miaka mingi zimeweka kwamba aliyepigwa KO, yaani aliyeangushwa akashindwa kuendelea, akae nje angalau siku 30, bila mapambano wala sparingi. Safi. Na kijana aliyeanguka ukumbini siku ya Jumanne bila mtu kuandika popote? Ijumaa anapewa glovu tena. Mtikisiko wa ubongo hauhitaji mtu azimie. Mara nyingi hazimii kabisa. Kichwa kinamuuma, anapata kichefuchefu, anachukia mwanga, anauliza swali lile lile mara mbili, na dalili nyingine huja saa kadhaa baadaye akiwa nyumbani. Kipigo cha pili kabla ubongo haujapona kinaweza kuua hata kikiwa chepesi.

Kofia za kinga zinawapoteza wengi hapa. Zinapunguza michubuko na kuchanika, ila hazizuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu. Wanaume wa ngazi ya juu walivuliwa kofia hizo mwaka 2013, wakapigana Olimpiki ya Rio 2016 bila hizo. Bado mzazi akiona mwanawe amevaa kofia anapumua, na kocha asiyejua naye anapumua, sparingi inakuwa nzito kuliko ilivyopaswa.

Kwa hiyo kila klabu iwe na daftari la vipigo vya kichwa: tarehe, jina, kilichotokea, lini aliruhusiwa kurudi na nani alimruhusu. Kurudi kwenyewe kuwe kwa hatua, kuanzia kutembea na kuruka kamba, begi, pedi, na kugongana na mtu kuwe mwisho kabisa, daktari akisharidhia. Mkaguzi akija, kabla hajauliza vikombe, aombe daftari hilo. Likiwa jeupe mwaka mzima, basi ama klabu haifanyi sparingi ama kuna mtu anaficha.

Uzito. Hili linatuhusu sote, ngumi, judo, mieleka, mpaka wa mapigano mchanganyiko. Mwishoni mwa mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vikuu vya Marekani walikufa ndani ya wiki chache wakikata uzito, wakifanya mazoezi mazito kwenye joto ili watoe jasho huku hawanywi maji. Chama cha michezo cha vyuo kikapiga marufuku mavazi ya raba ya kutolea jasho na vyumba vya joto kwa kazi hiyo, na kupima uzito kukasogezwa karibu na pambano ili mtu asipate muda wa kujikausha kisha kujijaza tena. Hao hawakuwa wajinga, walikuwa na makocha wasomi pembeni. Leseni yako iseme wazi kwamba kocha atakayekutwa anamkausha mtoto chini ya miaka 18 ili aingie daraja la chini, leseni inaondoka. Mtoto anakua, apigane kwenye uzito alio nao.

Nikishasema watoto, nigusie pia kwamba kazi yetu inatupa mamlaka makubwa juu ya miili ya wengine. Tunawashika ili kuwarekebisha, tunawapima wakiwa na nguo chache, tunasafiri nao. Mtoto anayemwogopa na kumpenda kocha wake kwa wakati mmoja hawezi kusema hapana. Sheria ni rahisi: asipimwe wala kufundishwa na mtu mzima mmoja mlango ukiwa umefungwa, na awepo mtu wa kupokea malalamiko ambaye si rafiki wa kocha. Kocha mwema hapotezi chochote hapo. Na wanawake waingizwe kwenye ukocha kwa makusudi, maana leo mabinti wanapigana na kona zao zote ni wanaume.

Narudi kwenye lile la kwanza, kwa sababu haya mengine yakiandikwa na lile likaachwa, tutakuwa tumepamba tu. Naomba kifungu kimoja: uamuzi wa kocha mkuu wa kona kumtoa mchezaji wake ni wa mwisho, haupingwi na promota, meneja, mzazi wala kiongozi wa klabu, na sehemu yoyote ya mkataba inayomkata kocha au mchezaji malipo kwa sababu ya uamuzi huo ni batili. Kwa ridhaa, pambano lililosimamishwa na kona lisihesabiwe dhidi ya kocha anapoomba kupandishwa daraja. Najua wapo watakaosema kifungu hicho kitatumiwa vibaya, kwamba makocha watapanga matokeo kwa kutupa taulo. Anayetaka kuuza pambano ana njia nyingi zisizo na watu wanaotazama. Ukaguzi wa daktari mara baada ya kila kusimamishwa utaonyesha kama kulikuwa na sababu.

Jambo la mwisho ni la utaratibu. Nasikia kamati ya rasimu itakutana na wadau ukumbini. Kabla ya kikao hicho, wajumbe waje kwenye mashindano ya vijana, wasikae jukwaa la wageni rasmi, wakae nyuma ya kona, karibu kiasi cha kusikia kinachosemwa katika ile dakika. Tutawatafutia viti.

Wako mtiifu,
Kocha wa ngumi za ridhaa