Stesheni ndogo za reli ya kusini nazo zichorwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie reli inayokusudiwa kujengwa kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, yenye matawi ya kwenda Mchuchuma na Liganga. Tunasikia habari za makaa ya mawe, chuma na bandari, lakini mkazi wa Naliendele au Mikindani anayewahi kazini mjini hatajwi, wala kituo atakachopandia treni. Reli ya zamani, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Nachingwea, ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa kukosa mzigo wa kutosha, kwa hiyo abiria wa kila siku si wa kudharauliwa.

Najua vituo vidogo vya pembezoni haviwezi kulipa mshahara wa mkuu wa stesheni na mkata tiketi. Sioni ubaya. Uingereza ina stesheni nyingi zisizo na mtumishi hata mmoja. Abiria hununua tiketi kwenye mashine au ndani ya treni, na penye kitufe cha msaada hukibonyeza akazungumza na mhudumu aliye mbali. Kwetu, ambako hata fungu la dagaa hulipiwa kwa simu, tiketi haitasumbua.

Ugumu uko chooni. Simu haideki, na choo cha umma kisicho na mwenyewe hakikawii kutiwa kufuli, abiria wakaishia kwenye mikorosho. Napendekeza kila stesheni ya aina hiyo iwe na chumba kimoja cha biashara, apangishwe mama lishe au wakala wa fedha kwa kodi nafuu, na mkataba umtake atunze choo, maji na taa. Hatakuwa mwajiriwa wa reli, ila mwanamke anayesubiri treni peke yake alfajiri atamkuta pale, na sidhani kama kamera inaweza kumpa utulivu huo.

Banda la abiria nalo lisiwe paa juu ya nguzo nne tu, kwani mvua zetu za Desemba hadi Aprili huja na upepo, na bila ukuta paa halimkingi mtu. Jukwaa lilingane na mlango wa behewa, na njia ya kiti cha magurudumu iwemo tangu mwanzo, kabla zege halijamwagwa.

Naomba wahusika wabandike michoro ya stesheni hizi katika ofisi za kata, wananchi waione na kuitolea maoni mapema.

Mkazi wa Mikindani,
Mtwara