Mpwa wangu, usianze na mikono ya mpigaji

Mpwa wangu,

Nimesikia klabu yako ya besiboli inataka uweke gongo chini uwe kocha wa upigaji. Kubali. Kupanda na kushuka kati ya Single-A na Triple-A, madaraja ya ligi ndogo za Marekani, bila kuitwa Ligi Kuu (MLB) hakukufungii mlango. Kevin Long aliingia ligi ndogo za Kansas City Royals mwaka 1989, hakucheza Ligi Kuu hata siku moja, na ndiye aliyekuwa kocha wa upigaji wa timu ya Yankees ilipotwaa ubingwa 2009, kisha wa Nationals ilipoutwaa 2019.

Ila staili yako ya kupiga iache nyumbani. Makocha wapya huharibu vijana kwa kuwafundisha walivyopiga wao.

Anza na muda. Mrushaji akiachia mpira wa kilomita 153 kwa saa, mkono wake uko kama mita 16.8 kutoka kwenye kibao anaposimama mpigaji, na mpira unafika kwa takriban sekunde 0.4. Gongo peke yake linakula karibu sekunde 0.15. Kinachobaki ndicho cha kuona na kuamua. Kwa hiyo kijana akiwa anabingirisha kila mpira chini, tazama mguu wake wa mbele kabla ya kumgusa mikono. Ukitua mapema mno, uzito wote umeshakwenda mbele mpira haujafika. Anabaki kupiga kwa nguvu ya mikono tu, viganja vinageuka, na kama ni wa mkono wa kulia mpira unajiviringisha kuelekea bezi ya tatu, kushoto mwa uwanja. Ukitua mpira umeshapita nusu ya njia, ataharakisha kufungua bega, na mpira wa nje, ule unaopita mbali na mwili wake, hataufikia tena.

Kumpima huhitaji mashine. Kaa nyuma ya skrini ya wavu ya kujikinga, mita 10 kutoka kwake, urushe kilomita 90 kwa saa: muda ni ule ule wa sekunde 0.4. Mipira mitano au sita, kisha apumzike, maana akichoka anajifunza kupiga kichovu. Katikati chomeka mmoja wa polepole. Bila huo hafanyi uamuzi wowote, anakariri tu.

Kwenye stendi ya kuwekea mpira, kosa kubwa ni kuuweka mpira usawa wa kitovu. Wa katikati ukae usawa wa mguu wa mbele. Wa ndani, unaopita karibu na mwili, usogezwe zaidi kuelekea kwa mrushaji, wa nje urudi nyuma kidogo. Anayetupa mikono mbali na mwili mweke mbele ya wavu, kitako cha gongo kitovuni, ncha ikigusa wavu. Azungushe bila kuukwaruza.

Mpira wa kasi hushuka kwa takriban nyuzi 6, kwa hiyo gongo lipande kidogo kukutana nao. Hata hivyo, mwenye kuangusha bega la nyuma unaweza kumwambia “piga kushuka” akanyooka, ingawa video itaonyesha gongo bado linapanda. Anachohisi na anachofanya ni vitu viwili. Wewe fuata video.

Siku ya mechi mpe jambo moja tu, mengine yasubiri mazoezi ya kesho. Na Kihispania jifunze kuanzia sasa: kambi zimejaa vijana wa Jamhuri ya Dominika na Venezuela, na mkalimani hakai nanyi kwenye kizimba cha mazoezi saa zote.